"Yule Namjua, Hajabadilika": Pulsa Moja na Haki ya Kusema Hivyo



Kuna sentensi tunaisema kirahisi sana kwenye jumuiya, kwenye kwaya, hata nyumbani sahani zikiwa bado mezani: "Aah, yule namjua, hajabadilika." Tukishaisema, kesi imekwisha. Anayesemwa hana pa kukatia rufaa, na mara nyingi hata hayupo.

Leo nataka tuikague sentensi hiyo. Sitaanza kwa kuuliza kama ni ya upendo au la, maana hilo mmeshahubiriwa vya kutosha. Nauliza swali la kabla ya hapo: anayesema hivyo anajua anachokisema? Unatakiwa uwe umeona nini, na mara ngapi, ili uwe na haki ya kusema kwamba mtu hajasogea?

Ili kulijibu nitapita njia ya mbali kidogo, kama miaka-nuru elfu saba hivi. Nivumilieni.

Nyota kubwa inapofikia mwisho wake hulipuka, na mlipuko huo huitwa supanova. Kinachobaki katikati ni kiini kilichobanwa kupita akili: uzito unaozidi ule wa Jua letu umekaa ndani ya mpira wenye upana wa kilomita 20 hivi. Hiyo ndiyo nyota ya nyutroni. Ikiwa inazunguka na mnururisho wake unatupitia kila mzunguko, kama taa ya mnara wa bandarini, tunaiita pulsa. Wa kwanza kuzigundua alikuwa mwanafunzi, Jocelyn Bell, kule Cambridge mwaka 1967, akitumia mawimbi ya redio.

Lakini zipo ambazo hatuzipati kwa redio wala kwa mwanga wa kawaida. Zinaonekana kwa eksirei tu, zile zile anazopigiwa mtu aliyevunjika mkono. Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa inazizuia (na tushukuru, la sivyo tusingekuwa hapa), kwa hiyo lazima chombo kipande juu. Na hapa nitawaambia kitu ambacho mimi nilikikuta nimeshamaliza shule, sijui kwa nini hatufundishwi. Setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka pwani yetu hii, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, na wenyewe wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Mwaka uliofuata iliona chanzo kimoja, Centaurus X-3, kikidunda kwa eksirei kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Yeye huyo huyo ndiye aliyekuwa miongoni mwa waliopendekeza darubini kubwa zaidi ya eksirei, ambayo ilirushwa Julai 1999 na kuitwa Chandra. Hiyo Chandra ndiyo tunayoihitaji katika kisa chetu.

Katika kundi la nyota linaloitwa Puppis kuna mabaki ya supanova, wingu kubwa la gesi ya moto, yanaitwa Puppis A. (Puppis kwa Kilatini ni tezi, yaani nyuma ya chombo. Watu wa kale waliona merikebu nzima pale angani.) Ndani ya wingu hilo kuna nukta moja ya eksirei: nyota ya nyutroni iliyobaki. Jina lake ni kama namba ya gari, RX J0822−4300. Mwaka 2009 Gotthelf na Halpern waligundua kwamba inadunda, karibu mara tisa kwa sekunde. Kwa hiyo ni pulsa.

Sasa, nukta hii haipo katikati ya wingu. Imekaa pembeni, upande mmoja, na upande wa pili kuna mabonge ya gesi yenye oksijeni nyingi yanayokimbia kwenda kule kwingine. Ukiyafuata mabonge hayo kinyumenyume unafika mahali ambapo mlipuko ulitokea. Akili inakuambia moja kwa moja kwamba pulsa ilirushwa wakati wa mlipuko, kama bunduki inavyomsukuma nyuma anayefyatua. Lakini "akili inakuambia" haitoshi. Inasogea kweli? Na kwa kasi gani? Hapo lazima upime.

Kupima kwenyewe kunaonekana rahisi kukieleza. Piga picha, subiri, piga nyingine, linganisha. Tatizo ni udogo wa kinachotafutwa. Leo tunajua kwamba kwa mwaka mmoja pulsa hii inasogea angani chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde ya pembe, na sekunde ya pembe ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Chukua sarafu ya kawaida, mtu aishike pale Bagamoyo kwenye misheni ya zamani, wewe uwe Dar es Salaam, kilomita sitini hivi. Upana wa ile sarafu ukiutazama kutoka Dar, ndio mwendo wa mwaka mzima wa pulsa hii. Picha kali kabisa ya Chandra haichambui kitu kidogo kuliko nusu ya sekunde ya pembe hivi. Mwendo wa mwaka mmoja, hata wa mitatu, unamezwa humo humo.

Na si hilo tu. Darubini yenyewe inaelea angani, na hata ikijitahidi namna gani haijui kwa uhakika kamili inatazama wapi. Kosa hilo la kulenga linafika zaidi ya nusu ya sekunde ya pembe. Tafakari maana yake: jicho linayumba kuliko kinavyosogea kile kinachotazamwa! Ukiweka picha mbili juu ya nyingine na kuona nukta imehama, pengine hukuona mwendo wa nyota, umeona kuyumba kwako mwenyewe.

Dawa yake ni nyota za kuegemea. Kwenye picha hizo hizo kuna nyota chache za kawaida zinazotoa eksirei hafifu, na mahali pake panajulikana vizuri kutokana na darubini za mwanga. Unazipanga kwanza hizo zikae pale zinapotakiwa kukaa, ndipo unauliza pulsa imekwenda wapi. Nazo zina shida zake. Ni hafifu, zinaleta chembe chache za mwanga, ziko pembeni mwa picha ambako darubini huona ukungu, na zenyewe zinasogea kidogo, kwa hiyo mwendo wao nao unatakiwa kuondolewa katika hesabu. Ni kazi ya uvumilivu wa kushona nguo usiku.

Matokeo yalikuja hivi. Mwaka 2006 Hui na Becker walilinganisha picha za mwishoni mwa 1999 na za 2005. Wakichukulia umbali wa miaka-nuru karibu 7,200, walipata kasi ya kilomita 1,100 kwa sekunde, zidisha au punguza 400. Mwaka 2007 Winkler na Petre wakapima kipindi hicho hicho kwa njia yao, wakapata 1,570, zidisha au punguza 240. Habari ikavuma, pulsa ikaitwa mzinga wa angani, maana kasi ya namna hiyo ni vigumu kuielezea: ni mlipuko gani unaweza kurusha kitu kizito hivyo kwa nguvu hiyo? Mwaka 2012 zikaingia picha za 2010. Muda kati ya picha ya kwanza na ya mwisho sasa ni karibu miaka 11, na kasi ikashuka: 672, zidisha au punguza 115. Mwaka 2020, kwa picha za 2019, miaka karibu 20 tangu ya kwanza, wakapata 763, zidisha au punguza 73.

Ukisoma haraka utasema wanasayansi hawana msimamo. Soma tena, polepole. Kwanza, kadiri muda ulivyorefuka, ndivyo kiasi cha kukosea kilivyopungua: 400, 240, 115, 73. Hawakupata darubini mpya. Chombo ni kile kile. Walichoongeza ni kungoja. Pili, tazama majina. Becker yupo mwaka 2006, yupo 2012, yupo 2020. Winkler na Petre, ambao jibu lao la 2007 ndilo lililopunguzwa zaidi ya nusu, wameandika majina yao kwenye kazi ile ya 2012 iliyolipunguza. Winkler yupo tena 2020. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyenuna. Jamani, mimi hilo limenigusa kuliko hata ile kasi. Ni wangapi wetu tungekubali kusaini karatasi inayosema hukumu yetu ya miaka mitano iliyopita, ile iliyotupatia jina, ilikuwa kubwa mno?

Haya. Turudi kwa "hajabadilika".

Katika mwaka wa kwanza wa falsafa kila frateri hukutana na mshale wa Zeno. Zeno anasema: mshale unaoruka, ukiuangalia katika kila nukta ya wakati, uko mahali pamoja tu. Kama katika kila nukta uko mahali pamoja, basi haujasogea popote, na mwendo ni udanganyifu. Darasa zima linacheka, halafu linanyamaza, kwa sababu kumjibu si mchezo. Jibu la Aristotle liko katika kitabu cha sita cha Fizikia yake, na lina sehemu mbili. Watu wengi hukumbuka ya kwanza: katika nukta moja ya "sasa" hakuna kinachosogea. Sehemu ya pili ndiyo ninayoitaka: katika nukta hiyo hakuna pia kinachotulia. Kusogea kunahitaji muda, na kutulia nako kunahitaji muda. Kitu kimetulia pale tu ambapo kilikuwa hapa kabla na bado kipo hapa baadaye.

Maana yake kwetu ni nzito kuliko inavyosikika. Tumezoea kudhani kwamba anayesema "amebadilika" ndiye anayedaiwa ushahidi, na anayesema "hajabadilika" anasema tu kile ambacho kila mtu anakiona. Si kweli. Wote wawili wanadai kitu kuhusu muda. Aliyeiona picha moja tu hana haki ya kusema lolote kati ya hayo mawili. Na aliye na picha mbili zilizokaribiana mno, au zilizopigwa wakati jicho lake mwenyewe linayumba, anachoweza kusema kwa haki ni "sikuona akisogea". Hiyo ni sentensi nyingine kabisa. "Sikuona akisogea" inamhusu mtazamaji. "Hajasogea" inamhusu mtazamwaji. Tunaruka kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila hata kugundua kwamba tumeruka.

Nitatoa mfano ninaoufahamu, nikificha mahali. Parokia moja ilikuwa na kijana mweka hazina wa kikundi. Michango ya safari ya hija ikapotea mikononi mwake. Alikiri, akalipa nusu, akaondoka mjini. Baada ya miaka minne karudi, anakaa benchi la nyuma, na siku moja akaomba kurudi kwaya. Viongozi wa vijana wakakaa kikao. Mmoja akasema, kwa uhakika wa kutisha, "Tunamjua." Wakanigeukia: "Frateri, wewe umesoma falsafa, sema."

Niliuliza: tangu siku ile ya fedha, nani kati yenu amekaa naye? Ikaonekana hakuna. Picha yao ya mwisho ilikuwa ya miaka minne nyuma, na tena ilikuwa picha ya siku yake mbaya kuliko zote. Walikuwa hawana picha ya pili. Walikuwa na ile ile ya kwanza, wameitazama mara nyingi. Kuitazama picha moja mara mia hakuifanyi kuwa picha mia.

Akanyosha mkono dada mmoja, na swali lake lilikuwa zuri kuliko langu: "Sawa Frateri, hatujui. Lakini kama hatujui, si ndiyo sababu ya kuwa waangalifu? Fedha za watu zikipotea tena utalipa wewe?"

Nadhani hapa ndipo mafundisho mengi kuhusu kutohukumu hutuacha barabarani. Tunaambiwa "usihukumu", halafu tunarudi kwenye maisha yenye sanduku la fedha, watoto wa kulinda, na watu waliokwisha kuumizwa kweli. Yule dada hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na wajibu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliona hilo. Katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 60, kifungu cha 4, anauliza kama mambo yenye mashaka yaelekezwe upande ulio mzuri. Anajibu ndiyo. Mwenye kumdhania mwenzake mabaya bila sababu ya kutosha anamkosea haki, anamdharau. Na anaongeza jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angelikataa: ni afadhali ukosee mara nyingi kwa kumdhania vizuri mtu mbaya, kuliko ukosee mara chache kwa kumdhania vibaya mtu mwema, kwa sababu katika kosa hili la pili kuna mtu aliyedhulumiwa. Lakini haishii hapo. Katika majibu ya mwisho ya kifungu hicho hicho anatofautisha mambo mawili. Kuna kutoa hukumu juu ya mtu, na hapo mashaka yaende upande mzuri. Na kuna kuchukua tahadhari dhidi ya ubaya unaoweza kutokea, na hapo inafaa kuchukulia kana kwamba lililo baya linawezekana, maana dawa inayofaa ugonjwa mkubwa itafaa zaidi ule mdogo.

Kwa hiyo unaweza kuacha ufunguo wa sanduku mikononi mwa watu wawili wengine, bila kusema neno hata moja kuhusu moyo wa yule kijana. Kufuli si hukumu. Kufuli linafungwa hata na familia ya watakatifu. Hukumu ni pale tunapofunga mlango halafu tunaita kule kufunga "kumjua". Na yule mwenye kudai fedha zake zilizobaki ana haki ya kuzidai, wala kudai si kukosa msamaha.

Kikao kile kiliamua aimbe, na asishike fedha, na ile nusu iliyobaki ikapangiwa utaratibu. Wapo waliosema tumelegea. Wengine walisema tumemnyanyasa. Mimi bado naona ilikuwa haki.

Kabla sijaendelea, niseme mfano huu unaishia wapi, maana mifano ya angani ina hatari ya kutupumbaza. Pulsa haichagui. Ilisukumwa mara moja, maelfu ya miaka iliyopita, na inakwenda kwa mstari ule ule. Ndiyo maana miaka 20 inatosha kuikokotoa njia yake nyuma mpaka mahali pa mlipuko, na kujua kwamba umepita muda wa miaka elfu nne na zaidi. Mtu hayuko hivyo. Mtu anaweza kugeuka Alhamisi. Anaweza pia kurudi nyuma Ijumaa. Hakuna idadi ya picha itakayokupa haki ya kusema "namjua mpaka mwisho wake". Kwa hiyo kama ni lazima kuwa wapole katika kuhukumu mwendo wa kitu kisicho na uhuru, fikiria mwenyewe kuhusu kile chenye uhuru.

Kitu kimoja kingine kuhusu pulsa hii kinanichekesha. Pulsa huwa zinapunguza kasi ya kuzunguka taratibu, na kwa kupima zinavyopungua, wataalamu hukisia umri. Hii inapungua kidogo mno. Ukiuliza saa yake ya ndani, inakuambia ina umri wa zaidi ya miaka milioni 200, kitu kizee kilichotulia ambacho hakina jipya. Kumbe ni changa, imezaliwa juzi kwa hesabu za nyota, na inakimbia kilomita mia saba na zaidi kila sekunde. Aliyetazama kipimo kimoja angeapa kwamba hapa hakuna kinachotokea.

Ninalitaja hilo kwa ajili ya wale ambao hawasemi "yule hajabadilika" bali "mimi sijabadilika". Hawa ni wengi kuliko mnavyodhani. Binti mmoja wa chuo aliniuliza: "Frateri, naungama dhambi ile ile miaka mitatu sasa. Padre anajua nitakachosema kabla sijapiga magoti. Je, si unafiki? Si bora niache mpaka niwe nimebadilika kweli?"

Angalia alichokifanya. Alijipima kila wiki, Jumamosi kwa Jumamosi, na kila wiki hakuona mwendo. Lakini umbali kati ya Jumamosi mbili ni mdogo kuliko ukungu wa jicho lake. Na jicho lenyewe lilikuwa linayumba: wiki za mitihani anajiona shetani, wiki ya mafungo anajiona malaika. Zaidi ya yote, nyota zake za kuegemea zilikuwa ni rafiki zake na picha wanazoweka mtandaoni, ambao nao wanakwenda, na hajui wanakwenda wapi.

Sikumwambia kwamba amebadilika. Ningejuaje? Nilimuuliza mambo ya miaka mitatu, si ya wiki tatu. Zamani ulikuwa unachukua muda gani kutoka kuanguka hadi kurudi kwenye Kitubio? Akafikiri, akasema: "Miezi. Mara moja ilikuwa karibu mwaka." Na sasa? "Siku mbili, tatu." Alikuwa analia bado, lakini nadhani alikuwa ameanza kusikia alichokisema mwenyewe. Dhambi ile ile, ndiyo. Anayeiungama si yule yule.

Hapo nataka tuwe makini tusichanganye. Kujichunguza dhamiri kila usiku ni kuzuri na Kanisa linatuhimiza, lakini kazi yake si kupima kasi. Usiku unashukuru, unaomba toba ya siku ile, unalala. Kupima, kama unaona kuna haja, fanya kwa nadra, na usifanye peke yako. Chukua mtu anayekuona kwa miaka, padre muungamishi yule yule ikiwezekana, au mwelekezi wa kiroho. Kubadilisha muungamishi kila mara kwa aibu ni kama kubadilisha kamera kila picha. Huwezi tena kulinganisha.

Na kuacha kuungama "mpaka nibadilike" ni kosa la namna nyingine kabisa, maana ni kukataa kile kinachosukuma kwa sababu hujaona bado umbali. Bwana wetu alisimulia kuhusu mtini usiozaa, katika Luka 13. Mwenye shamba alikuja akitafuta matunda miaka mitatu, hakuna. Tuwe wa haki kwake: miaka mitatu si picha moja, alikuwa na data. Mtunza shamba naye hakumwambia amekosea kuhesabu. Aliomba mwaka mmoja zaidi, na hakuuomba wa kukaa na kutazama tu. Aliomba apewe nafasi ya kuchimba kuuzunguka na kuutia mbolea. Na Yesu hakutuambia mtini ule ulifanyaje mwaka uliofuata.

Yule binti aliniuliza basi apime lini. Nikamwambia asubiri Kwaresima mbili, si moja, na kati ya hapo aende Kitubio kila anapoanguka, hata kama ni Jumamosi ile ile, kwa padre yule yule, na maneno yale yale.